Kuvuka Ziwa na Mbwa

Wahenga walinena kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Methali hii tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi. Tumeiandika ubaoni, tumewaeleza wanafunzi kwamba mtu aliyekwisha kuliona lengo lake hakosi nguvu za kulifikia, tumewapa waitungie insha, na insha zenyewe tumezisahihisha kwa wino mwekundu. Lakini katika miaka yote hiyo hatukupata kujiuliza huyo mbwa alikuwa akitoka wapi, wala ni nani aliyemwacha majini. Maswali hayo yametujia mwaka huu, si darasani bali nyumbani kwetu hapa Bujumbura, tulipokuwa tukiipanga likizo ya familia. Tumeona vema tuwasimulie walimu wenzetu, pamoja na wote wanaojifunza lugha hii, kwa kuwa katika mpango huo mdogo tumejifunza jambo kuhusu maneno ambayo tulidhani twayajua.

Mpango ulianza kwa gari. Tulinunua Hiace kuukuu, ambayo zamani ilikuwa ikibeba abiria. Tuling'oa viti vya nyuma, tukamwita seremala akatutengenezea kitanda cha kukunja, kabati la vyombo, na mahali pa kuweka jiko la gesi na madumu ya maji. Madirishani tulitia wavu wa kuzuia mbu, na ubavuni tukafunga turubai la kutandaza tupate kivuli. Nia yetu ilikuwa kwamba likizo kubwa ya kiangazi ikifika tuondoke watu sita, yaani sisi wazazi wawili, watoto wetu watatu, na mama yetu ambaye anakaribia umri wa miaka 80. Tungekwenda Kigoma na Ujiji, ng'ambo ya mpaka, tulale garini kando ya ziwa, tupike wenyewe, na turudi baada ya majuma mawili.

Watoto walitaka kujua gari la namna hiyo huitwaje kwa Kiswahili. Mmoja alipendekeza "gari la kulala", lakini mwenzake akasema kuwa jina hilo laweza kumfanya mtu adhani ni gari bovu lililolala gereji. Wa tatu akasema "nyumba ya magurudumu", nalo likaonekana refu mno. Sisi tulikuwa tukijiandaa kutoa somo juu ya uundaji wa istilahi, mara mama yetu, aliyekuwa akichambua mchele barazani, akasema bila kuinua macho, "Liiteni Kobe. Si linakwenda na nyumba yake mgongoni?" Jina likakubaliwa papo hapo, na somo letu likaishia hapo.

Baada ya jina kupatikana, mama yetu akatoa masharti yake mawili. La kwanza, yeye hataki kwenda kwa barabara. Atakwenda kwa maji. La pili, mbwa hasalii nyuma.

Masharti hayo yalitustaajabisha, hasa hilo la pili. Yafaa tueleze kwamba kwa zaidi ya miaka 50 mama yetu hakutaka mbwa nyumbani. Tulipokuwa wadogo tuliomba, tukakataliwa. Tulipokuwa watu wazima tulitaka mbwa wa kulinda mlango, tukakataliwa pia, nasi hatukuambiwa sababu. Kisha mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana, yakaingia majumbani mwa watu waishio ufukoni, na njia nyingine zikawa hazipitiki. Siku moja katika msimu huo watoto walirudi na kijibwa koko kilicholowa, chenye rangi ya udongo na sikio moja lililokatika, ambacho walikikuta kimekaa juu ya kifusi maji yakiwa yamekizunguka. Tulidhani mama atakifukuza. Alikitazama kwa muda, akaingia jikoni, akatoka na ugali uliobaki usiku. Watoto wakamwita Simba, na tangu siku hiyo Simba hulala mlangoni pa chumba cha mama.

Basi tukaanza kutafuta njia ya maji. Wasomaji wetu walio wazee watakumbuka kwamba zamani jambo hili halikuwa na taabu. Kwa miaka mingi meli Liemba ilikuwa ikifika hapa Bujumbura, ikitoka Kigoma, na kutoka Kigoma ikishuka kusini hadi Mpulungu nchini Zambia. Historia ya meli hiyo ni ya ajabu. Iliundwa mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwezi wa Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi isije ikatekwa na adui, lakini kwanza wakazipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hili katika pande za kusini.

Meli hiyo imewabeba wafanyabiashara na wasafiri, na imewabeba pia watu waliokimbia. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mwezi wa Mei 2015, wakati makumi ya maelfu ya Warundi walipokusanyika katika kijiji cha Kagunga, palipo mpaka wa Tanzania na Burundi, kipindupindu kikiwa kimeingia na barabara haiko, ni Liemba ile ile iliyokwenda na kurudi ikiwapeleka Kigoma. Lakini sisi tulipouliza habari zake kwa ajili ya likizo yetu, ilikuwa imelazwa Kigoma kwa matengenezo.

Hatukukata tamaa. Tulikwenda bandarini na mama yetu, akiwa amemshika Simba kwa kamba, tukaingia katika ofisi moja na kumkuta kijana mwenye adabu. Tukamweleza haja yetu. Akatujibu kwamba meli alizonazo ni za mizigo tu, kama vile saruji na vyakula; gari laweza kunyanyuliwa kwa winchi na kuwekwa sitahani, lakini watu hawaruhusiwi.

"Na mbwa je?" mama aliuliza.

Kijana akamtazama Simba. "Mbwa iko mzigo, Mama. Itaenda na gari."

"Mwanangu," mama alisema kwa upole, "huyu ni mbwa huyu."

Kijana hakuelewa, nasi tukacheka kidogo, kisha tukaaga. Njiani tulitafakari maneno hayo mawili. Kila mwalimu wa Kiswahili ajua kwamba nomino "mbwa", kwa umbo lake, ni jamaa ya "nyumba" na "nguo". Umoja na wingi wake haubadiliki. Kwa umbo peke yake ingetupasa kusema "mbwa hii imelala". Lakini Kiswahili sanifu hutazama uhai kuliko umbo, nacho husema "mbwa huyu amelala" kama kisemavyo "mtoto huyu amelala". Tunaandika haya si kwa kumcheka kijana yule. Kiswahili cha Bujumbura, kama kile cha Uvira na Bukavu, kina kanuni zake na historia yake. Vitongoji vya Buyenzi na Bwiza vimekisema kwa vizazi kadhaa, nacho kimetulea wengi. Tunaandika kwa sababu mama yetu, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, alijifunza Kiswahili chake ukubwani nchini Tanzania, na katika sarufi yote ni upatanisho huu tu anaoutetea kwa nguvu. Jioni ile tulipata kujua kwa nini.

Tulikuwa tumekaa barazani. Watoto walisikitika kwamba mpango umevunjika, na mdogo wao akauliza, "Bibi, kwani ukienda kwa barabara kuna nini? Simba atakaa nyuma ya Kobe, atalala." Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasimulia jambo ambalo sisi wanawe hatukupata kulisikia kwake, ingawa tulikuwamo ndani yake.

Mwaka 1972, mauaji yalipoenea nchini, sisi tulikuwa watoto wadogo, na nyumba yetu ilikuwa karibu na Nyanza-Lac, kusini mwa nchi. Twakumbuka kidogo tu: giza, baridi ya maji miguuni, mkono wa baba vinywani mwetu. Mbwa hatukumkumbuka kabisa.

"Aliitwa Bobi," mama alisema. "Mtumbwi ulikuwa wa watu wanane, tukaingia kumi na wanne. Bobi alitufuata mpaka ufukoni. Baba yenu alimtupia mawe arudi, maana aliogopa atabweka. Hakubweka. Tulipokwisha kusukuma mtumbwi akaingia majini, akaogelea nyuma yetu. Nilikiona kichwa chake muda mrefu."

"Usiku utaonaje kichwa cha mbwa?" mtoto akauliza.

"Palikuwa na mwanga nyuma yake. Nyumba zilikuwa zinawaka."

Hatukusema neno. Mama akaendelea. "Akachoka, akageuka, akarudi kule kule. Kulipokucha tulikuwa Kagunga. Baadaye, tulipopelekwa Katumba, niliwaambia wanawake wenzangu habari za Bobi. Mmoja, mwenyeji wa huko, mtu mwema sana, akanifariji. Akasema, usilie dada, mbwa hafi maji akiona ufuko. Ndiyo methali yangu ya kwanza ya Kiswahili. Nikamshukuru. Lakini moyoni nilisema, ufuko aliouona ndio ule tuliokuwa tukiukimbia sisi."

Hapo tulifahamu kwamba sharti la mbwa na sharti la maji yalikuwa sharti moja. Mama yetu alikaa Katumba, karibu na Mpanda, miaka zaidi ya 30. Baba yetu alifia huko. Mwaka 2008, wakati makumi ya maelfu ya wakimbizi wa mwaka 1972 walipochagua kurudi Burundi, na wenzao wengi zaidi wakachagua kubaki na kuomba uraia wa Tanzania, mama alichagua kurudi. Alirudi kwa barabara, katika msafara wa malori. Ziwa hakupata kulivuka tena tangu usiku ule.

"Sitaki makubwa," alisema. "Nataka nimvushe mbwa mmoja, halafu nimrudishe."

Siku chache baadaye alitutembelea mzee mmoja wa Buyenzi, rafiki wa familia, Mwislamu mcha Mungu ambaye watoto wetu humwita Babu. Tulikuwa na wasiwasi kidogo kuzungumza habari za mbwa mbele yake, kwani twajua kwamba katika madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Lakini mama alimweleza yote, naye alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada yangu," alisema, "mbwa ana adabu yake na watu wana adabu yao. Mkipata mashua yenye watu wengine, mwekeni nyuma, juu ya mkeka wake mwenyewe, asiguse nguo ya mtu atakayetaka kuswali. Hilo ni haki ya abiria wenzenu. Lakini msidhani kwamba kumchukua ni jambo la aibu." Kisha akatukumbusha habari za vijana wa pangoni, zilizomo katika Sura ya Pango ndani ya Kurani, ambao waliikimbia jamii yao kwa ajili ya imani, wakalala pangoni miaka mingi, na mbwa wao amejinyosha kizingitini. "Watu wamebishana juu ya idadi yao," alisema. "Wako waliosema watatu, wako waliosema watano, wako waliosema saba. Lakini tazama jambo hili: katika kila hesabu, mbwa amehesabiwa. Hao nao walikuwa wakimbizi."

Mama hakujibu, lakini alimwongezea mzee chai.

Tangu siku hiyo mpango wetu uliupata mwendo wake. Kwa kuwa meli ya abiria haikupatikana, tulimwomba mama akubali barabara, kwa ahadi kwamba tutakapofika Kigoma tutakwenda Kibirizi, mahali zinapopakia mashua za kwenda kaskazini, tukodi mashua ya injini kwa siku nzima, tupande sote pamoja na Simba, twende hadi Kagunga, tushuke, kisha turudi. Alifikiri usiku mmoja, akakubali. Tutaondoka Kibirizi alfajiri, kwani wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na ziwa hili, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470, si la kufanyiwa mchezo. Kila mmoja atavaa koti la kuelea, na Simba atafungwa kamba ndefu kifuani, si shingoni.

Ilitubidi pia kuijifunza sheria ya kusafiri na mnyama. Tulikwenda kwa daktari wa mifugo, naye akatufafanulia vizuri. Kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu hauna tiba, na katika watu 100 wanaoupata, 99 huupata kwa mbwa. Chanjo yake kwa binadamu ilianza kutumiwa na Louis Pasteur huko Paris mwaka 1885, na leo wataalamu wanasema kwamba tukiweza kuchanja mbwa 70 katika kila mbwa 100, na kuendelea hivyo, ugonjwa hukatika katika mji mzima. Kwa hiyo mwenye kumchanja mbwa wake huwakinga na watoto wa jirani. Lakini haifai kuchanja leo na kusafiri kesho, kwani mwili wa mnyama wahitaji majuma kadhaa upate kujijengea kinga. Pili, ni kibali cha kumwingiza mnyama nchini Tanzania, kinachoombwa mapema kwa mamlaka za mifugo za huko. Tatu, ni cheti cha afya kinachotolewa na daktari wa serikali hapa kwetu siku chache kabla ya kuondoka. Na ya nne, ambayo wengi huisahau, ni kuuliza tangu mwanzo ni karatasi zipi zitakazotakiwa wakati wa kurudi, ili mbwa asije akazuiliwa kuingia kwao.

Upande wa Kobe nako kulikuwa na mambo yake. Pamoja na kadi ya gari na pasi zetu, tulitafuta bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo hukubaliwa Burundi na Tanzania pia. Njia yetu itapita Rumonge na Nyanza-Lac, kisha itapanda hadi mpaka wa Mugina, na kuingia Tanzania upande wa Manyovu, ambako kuna lami hadi Kigoma. Hapo mpakani pana jambo lililowafurahisha watoto. Burundi twaendesha kulia, na Tanzania huendesha kushoto. Lakini Kobe, kama magari mengi ya mitumba yatokayo Japani, usukani wake uko kulia. Maana yake ni kwamba maisha yake yote hapa Bujumbura Kobe amekuwa mgeni barabarani, na akivuka Manyovu ndipo atakuwa amefika kwao. "Kama Bibi," alisema mtoto wetu wa kati. Mama akamjibu kwamba yeye yuko kwao pande zote mbili, na kwamba hilo ndilo gari lisiloliweza.

Palibaki suala la Gombe. Watoto wametamani kuwaona sokwe wa hifadhi hiyo, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake mwaka 1960. Lakini mbwa haruhusiwi katika hifadhi za taifa, na sababu ni ya haki. Mwaka 1994 maradhi yaitwayo distempa, ambayo ni maradhi ya mbwa, yaliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa huko. Tulipowasimulia watoto habari hiyo, mdogo wao alimtazama Simba wetu kwa mashaka, kana kwamba ndiye aliyewaua wenye jina lake. Tukaamua kwamba siku ya Gombe mmoja wetu atakwenda na watoto, na mwingine atabaki Kigoma pamoja na mama na Simba, kivulini, maji yakiwa karibu, wala mbwa hatafungiwa garini, kwa maana jua la huko laweza kulifanya gari kuwa tanuri.

Ndugu wasomaji, yawezekana mkauliza: haya yote kwa ajili ya mbwa? Swali hilo hata sisi tumejiuliza. Nauli ya mashua, ada ya vyeti, siku za kwenda na kurudi ofisini, zote hizo ni gharama, na mshahara wa mwalimu waujua. Jirani mwema angeweza kumlisha Simba majuma mawili, na jambo likaisha.

Lakini tumefikiri juu ya maneno mawili ya lugha yetu, "safari" na "kukimbia". Zamani tulidhani tofauti yake ni mwendo tu, kwamba msafiri huenda taratibu na mkimbizi huenda mbio. Sasa twaona kwamba tofauti iko kwanza katika kuhesabu. Mwenye kusafiri huketi na wenzake, akahesabu watu, siku, maji, mafuta na vyombo, akauliza nani apanda, nani abaki, na lini watarudi. Mwenye kukimbia hana nafasi ya kuhesabu. Huchukua kilicho karibu na mkono, na akifika ng'ambo, wengine ndio humhesabu yeye. Mwaka 1972 mama yetu aliandikwa katika orodha: jina, kichwa kimoja, watoto kadhaa. Hatusemi haya kwa kulalamika. Nchi iliyotupokea ilitupa ardhi ya kulima, ikatupa shule, na shuleni humo ndimo tulimojifunza Kiswahili hiki tunachokifundisha leo. Shukrani zetu kwayo hazitakwisha. Twasema tu kwamba aliyepata kuhesabiwa na wengine hujua thamani ya kuhesabu mwenyewe, na hesabu ya mama yetu haijatimia kwa miaka zaidi ya 50, kwa sababu pana mmoja aliyeachwa majini.

Juma lililopita tulimpeleka Simba kuchanjwa. Alitetemeka kidogo, lakini hakubweka. Daktari alipokwisha alichukua cheti akaanza kukijaza: jina la mnyama, umri wa kukadiria, jinsia dume, rangi ya udongo, alama ya pekee ni sikio la kushoto lililokatika, tarehe ya chanjo. Mama alikuwa amesimama pembeni akifuata kalamu kwa macho, ingawa hajui kusoma. Daktari alipofika mahali pa jina la mwenye mbwa, alituelekea sisi, kama ilivyo desturi, tumtajie la kwetu.

"Andika langu," mama alisema.

Daktari akamwomba majina yake yote, naye akayataja polepole, moja moja, mpaka alipohakikisha kwamba yameandikwa. Kisha akauliza, "Umeandika kwamba atarudi?"

Daktari akatabasamu, akamweleza kwamba katika cheti hicho hakuna mahali pa kuandika hivyo. Mama akafikiri. "Basi," akasema, "mimi nitakumbuka."

Cheti hicho sasa kimo ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya mto wa mama. Majuma ya kungojea kinga hayajatimia, na kibali cha kutoka Tanzania bado twakisubiri. Huenda mambo mengine yakaharibika kabla ya siku ya kuondoka, kwani safari ni mipango, na mipango haikosi dosari. Walakini mwezi wa Septemba shule zitakapofunguliwa, tukijaliwa, tutaiandika tena ubaoni ile methali ya mbwa na ufuko. Maana tutaieleza kama tulivyoieleza siku zote, kwa sababu ni maana sahihi. Lakini kabla ya kuwapa wanafunzi insha, tutawauliza ni ufuko upi huo, na tutawapa muda wa kutosha wafikiri.